Ekseli Iliyolala Chali

Jina la Binti Trekta hakujipa mwenyewe. Alipewa na mtaa tangu angali mdogo, akitembea kwenye matuta nyuma ya baba yake na kuokota magugu yaliyong'olewa. Baba alikuwa na trekta la mkono, lile la magurudumu mawili lisilo na kiti, ambalo mwenyewe hulifuata kwa miguu akiwa amelishika mikono yake miwili mirefu kama anayezuia fahali. Alipofariki, watoto wa kiume walijigawia nyumba na vilivyomo, dada yao wakamwachia trekta. Walidhani wamempunja. Yeye alilipeleka kwake akalifunika turubai, akawa analipa dizeli kabla hajajinunulia kanga.

Lilikuwa na gia sita za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Hiyo ya nyuma ilikuwa kibogoyo, imekwisha meno miaka mingi. Ukiitia, inasaga hewa tu na trekta halisogei hata kidogo. Baba hakuitengeneza kwa makusudi. Alisema mlimaji hana cha kufuata nyuma. Akifika mwisho wa shamba, anageuka. Msomaji aliweke hilo akilini, maana mumewe Binti Trekta hakuliweka.

Mume mwenyewe alikuwa fundi friji. Na tusimwonee, kwenye friji alikuwa fundi kweli. Friji iliyokwisha kugeuzwa kabati la nguo aliweza kuifufua ikagandisha maji. Shida ni kwamba friji haitembei, na bwana huyu alitaka kitu cha kumtembeza. Siku moja aliona kwenye simu watu waliovaa kofia ngumu, wamepanda pikipiki za magurudumu manne, wanaruka vilima vya mchanga huku vumbi likiwafuata. Tangu hapo hakukalika. Akila anazungumzia magurudumu manne, akioga anaunguruma.

Alikuwa na marafiki wawili wa kumsikiliza. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa njia panda, ambaye ndiye aliyeanza kumwita Injinia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila Kinyozi kwa mazoea ya kazi alikuwa akiwapunguzia wenzake. Neno lolote alilosema fundi friji, yeye alilipokea kwa makofi, na kila siku alimvisha mwenzake kilemba kipya cha ukoka. Wa pili alikuwa Mzee wa Lori, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamgomea. Huyu alijua mambo, lakini alipenda zaidi chai ya bure, na mtu hawezi kunywa chai ya mwenzake huku anamkosoa.

Mradi ulikuwa huu: Injinia ataunda pikipiki ya miguu minne itakayopanda kile kilima chenye mawe nyuma ya mtaa, awe anapandisha wageni wakaone mandhari. Hakuna mgeni aliyewahi kufika mtaani pale kutazama mandhari. Waliofika walikuwa wasoma mita. Binti Trekta alilisema hilo mara moja, akaambiwa hana maono.

Angeweza kucheka mpaka mwisho wa mambo, kama si kwamba dada yake, mtoto wa mama mkubwa, alijifungua kwa shida, naye akaenda kumuuguza. Aliporudi, alikuta turubai limekunjwa vizuri pembeni. Ile mikono miwili ya trekta, ambayo baba yake aliishika mpaka rangi ikatoka, ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma na kuchomelewa mbele ya fremu ya vyuma vya kitanda, ati ni bampa. Injini na giaboksi vilikuwa vimekaa katikati. Magurudumu ya mbele yalitoka kwenye pikipiki mbili za watu tofauti, na hayakulingana.

Injinia alimwonyesha kila kitu kwa fahari, akagonga hapa, akatikisa pale. Alisema kila mtu duniani anaanza na pikipiki ya kawaida, lakini ni nani aliyewahi kuanza na trekta la mkono? Binti Trekta alijibu kwamba hakuna, na kwamba aulizie sababu.

Hakulia. Aliumia, lakini kilio kingemfanya mumewe ambembeleze, na kubembelezwa na mtu aliyekukata mikono ya baba yako kwa msumeno ni dharau ya pili. Alimuuliza jambo moja tu, nalo lilikuwa shamba.

Shamba lilikuwa la mjomba wake, kaka wa mama yake, mzee wa maneno machache. Alikuwa amemwazima mpwa wake kwa misimu kadhaa, na mwaka huo, mbele ya ukoo, alitoa neno la mwisho. Mvua ya kwanza ikikuta udongo umegeuzwa, shamba ni la Binti Trekta moja kwa moja. Ikikuta majani, linakwenda kwa binamu yake mwenye jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Mjomba hakuwa mtu wa kuombwa siku za nyongeza. Binti Trekta hakuwahi kumiliki ardhi hata ya kuzikia paka, na nyumba waliyoishi ilikuwa ya kupanga. Alilitaka shamba lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Injinia alimwambia asiwe na wasiwasi, Mama Watoto. Mashine hii itapanda kilima asubuhi na kulima mchana. Atafunga ekseli ya pikapu iliyokufa, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, na nyuma yake kabisa atatia sehemu ya kunasia plau. Mke atalima akiwa amekaa kitako kama malkia. Kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kukatwa na hakuna namna nyingine ya kulishika lile trekta, Binti Trekta akasubiri. Waliokuwa na ng'ombe na matrekta walikuwa na mashamba yao, kila mtu anatazama mawingu. Alianza kulima kona moja kwa jembe la mkono, na kila jioni alipotazama nyuma aliona amekwangua kisehemu kama mkeka.

Sasa hiyo ekseli. Ikiwa imekaa sawasawa, shafti inayotoka kwenye giaboksi inaingia chini chini, na Injinia aliogopa itagonga mawe ya kilimani. Basi akaipindua. Aliilaza chali, tumbo juu, shafti ikapata kuingia kwa juu, na mashine ikasimama kwa madaha. Kinyozi ndiye aliyemshikia upande wa pili wakati anakaza nati. Kinyozi akasema kitu kama hiki hata nchi za nje hawana. Na kweli hawakuwa nacho.

Siku ya majaribio mtaa mzima ulitoka. Injinia alivaa kofia ngumu aliyoazima kwa mjenzi na miwani ya kuchomelea, akakaa kitini uso kwenye kilima. Injini ikaitika kwa mkono wa kwanza; injini ya baba haikuwa na kosa. Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi, na mashine, kwa utulivu kabisa, ikaenda kinyumenyume.

Watu walidhani ni mbwembwe. Akatia gia ya pili, ikarudi kwa haraka zaidi, ikaangusha ndoo ya jirani. Akatia ya tatu huku anatazama mbele kwa miwani yake, na kitako cha mashine kikaingia kwenye ua wa miti wa Kinyozi mwenyewe. Mtu mmoja akapaza sauti atie gia ya nyuma, labda ndiyo ya mbele. Akaitia. Ikasaga hewa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini, na Binti Trekta, Mungu amsamehe, naye alicheka, kisha akakumbuka shamba na kicheko kikamkauka mdomoni.

Mzee wa Lori alichungulia chini, akajiinua kwa shida, akamwambia Injinia kwa sauti ndogo, Binti Trekta akisikia. Ekseli ikilazwa chali, magurudumu yanazunguka kinyume. Gia sita zote sasa ni za kurudi, na ile moja ambayo ingekwenda mbele ndiyo kibogoyo. Airudishe ekseli kifudifudi kama ilivyozaliwa, kazi ya mchana mmoja, basi.

Injinia alivua miwani, akaifuta taratibu. Alisema hakuna kilichokosewa. Alisema ndivyo alivyokusudia, na kwamba kazi haijakwisha.

Kesho yake aliing'oa siti, akaigeuza. Akageuza na usukani, akauunganisha kwa vyuma virefu mpaka kwenye magurudumu yale madogo, ambayo sasa yalikuwa nyuma. Yaani badala ya kukubali kwamba mashine inarudi nyuma, alikata shauri kwamba nyuma ndiko mbele. Alipomaliza, ilikwenda kweli, ikiyumba kitako kama bata aliyeshiba, na kilima iliweza kukipanda mpaka theluthi. Kinyozi akapiga makofi. Injinia akatangaza kwamba mashine nyingi za maana huongozwa kwa magurudumu ya nyuma.

Binti Trekta aliizunguka mashine mara mbili. Kisha akauliza plau iko wapi.

Plau ilikuwa mbele. Pale palipokuwa nyuma pa kunasia plau, sasa ndipo palipotangulia. Mashine ilikuwa tayari kulima kama mtu anayesukuma kitanda kwa paji la uso. Walijaribu hata hivyo, maana Injinia alisema ni suala la kuzoea. Plau ilijichimbia mara moja, kitako kikanyanyuka hewani, na bwana mkubwa akashuka kabla ya kuambiwa ashuke.

Mchana huo, wakiwa wawili tu mezani, Binti Trekta alizungumza kwa upole kuliko alivyowahi. Upole ulimgharimu, alikuwa na maneno mengine tayari, makali, yamepangwa foleni. Alimwambia mawingu yamekwisha kushuka upande wa kilima. Alimwambia mlango wa kibanda chake cha kazi unafungika, waigeuze ekseli wao wenyewe, yeye atashika jeki, mtu asione. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye yuko tayari kuinama naye.

Injinia alichezea kijiko chake. Alikubali, kwa mara ya kwanza na kwa sauti ya kuelekea sahani, kwamba ekseli ikigeuzwa italima. Hilo alilijua tangu siku ya ule ua wa miti.

"Sasa tatizo nini, Baba Watoto?"

"Wataiona imeshuka. Watajua niliigeuza. Nitawaambia nini watu?"

Binti Trekta akaanza kukusanya vyombo. Alikuwa amedhani kinachomzuia ni mawe, au shafti, au ubishi wa kiume ambao hata baba yake alikuwa nao. Kumbe shamba lake zima lilikuwa limekwama kwenye ulimi wa mtu, nyuma ya neno moja fupi, nimekosea, ambalo mtoto wa chekechea hulisema akimwaga uji. Alisikia aibu, na aliona ajabu kwamba aibu ile ilikuwa yake.

Siku iliyofuata, marafiki wale wawili walikuwa wameketi nje ya kibanda kama kawaida, wakimsubiri Injinia awaeleze namna ya kufunga plau ya kusukuma. Binti Trekta akaja na sinia ya chai. Aliwagawia, akasimama, sinia mkononi.

"Jamani, kabla hamjanywa, nina neno. Hii ekseli kosa ni langu. Siku ile Baba Watoto anaifunga, mimi ndiye niliyemshikia upande wa pili, nikaipindua yeye hajaona. Nimeogopa kusema. Mnisamehe."

Kinyozi, aliyeishika ekseli ile kwa mikono yake mwenyewe mpaka ikamchubua kidole gumba, aliangalia viatu vyake kwa makini. Mzee wa Lori alikunywa chai ya moto mno. Kila mtu pale alijua kwamba ni uongo, na kila mtu aliupokea kama zawadi.

Alibaki mmoja. Binti Trekta alimgeukia mumewe, na hapo, kwa muda wa kuvuta pumzi, alimtarajia. Hakutaka mengi. Alitaka acheke tu, aseme hapana bwana, huyu mama ananibeba, mjinga ni mimi. Kama angesema hivyo, angemsamehe msumeno, mikono ya baba, siti na kila kitu. Alikuwa amemtengenezea mumewe mlango wa kutokea, na wakati huo huo alimwomba Mungu asiutumie.

Injinia alitunisha kifua.

"Nilikwambia usiguse vitu usivyovijua," alisema.

"Ulinambia," akajibu Binti Trekta.

Kazi ilikwisha kabla ya alasiri. Ekseli ililazwa kifudifudi, siti na usukani vikarudi vilikotoka, plau ikaja nyuma. Injinia alifanya kazi huku akipiga mluzi, mwepesi kama aliyetua mzigo, na mara mbili tatu aliwaeleza wenzake jinsi kosa dogo la mtu asiyejua linavyoweza kuharibu mpango mzima. Walitikisa vichwa kwa huruma. Mashine ilishuka tumbo, ikapoteza madaha yote, na ilipowashwa ikaenda mbele.

Binti Trekta alilima siku hiyo mpaka giza, na kesho yake tangu alfajiri. Hakukaa kama malkia. Fremu ya kitanda ilimrusha huku na huku, na mara nyingi alisimama wima na kushikilia kile kipande cha bomba cha baba yake kilichogeuzwa bampa, kwa kuwa siti iliuma. Lakini injini ilikuwa ile ile, na sauti yake ilikuwa ile ile. Alipofika mwisho wa shamba hakurudi nyuma, aligeuka. Udongo ulipinduka mweusi, unanukia. Alilia kidogo, kwa kuwa hapo hakuwepo wa kumbembeleza.

Mvua ilianza kudondoka akiwa ameshafunga tuta la mwisho. Mjomba alikuwa amekwisha fika, amesimama chini ya mwavuli, na nyuma yake ndugu wachache pamoja na yule binamu wa ng'ombe, aliyekuja kutazama kitu ambacho sasa si chake. Injinia naye alikuja na marafiki zake. Alikuwa amevaa kofia ngumu. Aliweka mkono juu ya injini na kumwambia kila aliyekuwa karibu kwamba mashine hii ni ya mkono wake, tangu fremu mpaka nati ya mwisho.

Mjomba alitembea ukingoni, akauchoma udongo kwa fimbo, akaridhika. Kisha akamwita mpwa wake aje karibu.

"Neno langu ni lile lile. Nataka tu nilitamke mbele ya ndugu nisije nikakosea. Niseme shamba ni lako, au lenu na mumeo?"

Injinia alijiweka sawa, akasogea hatua moja mbele, kofia inatiririka maji. Ilikuwa wazi anajua jibu.

Binti Trekta alijifuta tope usoni kwa mgongo wa mkono. Hakuwa na hasira. Hasira ilikwisha ile siku ya sinia, na kilichobaki kilikuwa kitulivu na kigumu zaidi.

"Ni langu, Mjomba. Mashine hii ilipoharibika, kosa lilikuwa langu peke yangu. Kinyozi alisikia, Mzee wa Lori alisikia, Baba Watoto mwenyewe alithibitisha. Basi na shamba liwe hivyo hivyo."

Mjomba akageuka kumtazama fundi friji, kama inavyostahili, ili naye aseme lake kama analo. Lilikuwepo neno moja la kulivunja jibu lile, na wanaume watatu pale walilijua. Injinia alifungua mdomo. Akamtazama Kinyozi, akamtazama Mzee wa Lori, akautazama umati wa ndugu waliokuwa wakisubiri.

Akaufunga.

"Basi ni lako," alisema Mjomba, na watu wakaanza kukimbilia majumbani kwa sababu mvua ilikuwa imekolea.